Geuza Nguo, Tazama Mshono: Kupima Muziki wa Atonali

Wapo wanaoupima muziki wa atonali, yaani usio na noti ya nyumbani, kwa karatasi. Wanahesabu noti 12, wakiona hakuna iliyorudi kabla ya zamu yake, wanasema kazi ni safi. Huko ni kununua kanzu kwa kilo. Igeuze ndani nje, utazame ukale na upya vimeshonwaje.

Anza na Suiti ya piano, opus 25, ya Arnold Schoenberg, iliyokamilika mwaka 1923. Haina noti ya nyumbani, lakini imeshika ngoma za enzi ya Bach: gavoti, minueti, jigi. Mpigaji hodari atakutikisa mguu. Asiyezijua ngoma hizo atakupa noti zote na kiti hutakisogeza.

Kipimo chenyewe hasa ni koncheto ya fidla ya mwanafunzi wa Schoenberg, Alban Berg, ya mwaka 1935, iliyotungwa kumkumbuka Manon Gropius, aliyefariki akiwa na miaka 18. Fidla inaingia ikipapasa nyuzi zake nne tupu, kama mtu anayejaribu kama zimekaa sawa. Nyuzi hizo ndizo nguzo za safu ya noti 12 iliyobeba kazi nzima. Noti nne za mwisho za safu hupanda kwa hatua nzima, na hivyo hivyo ndivyo unavyoanza wimbo wa mtu anayeaga dunia, ambao Bach aliupangia sauti nne katika kantata yake ya 60. Basi wimbo huo unapotokea sehemu ya pili, si mgeni. Mbegu yake ilikuwamo tangu mwanzo.

Hapo tega sikio. Fidla inauanza juu ya sauti za Berg, klarineti zinaujibu kwa sauti za Bach, kama kinanda cha kanisani. Okestra dhaifu hupunguza mwendo na kumtangaza Bach kama mgeni rasmi. (Nimesikia rekodi nyingi za namna hiyo, nyingine za watu wenye sifa kubwa.) Okestra nzuri hukufikisha kwa Bach bila kujua ulivuka lini. Aliyewahi kuimba kwaya atalinasa hilo upesi kuliko msomi.

Berg alifariki Desemba mwaka huohuo, kabla ya koncheto kupigwa Barcelona mwaka 1936. Mwishoni mwa koncheto fidla inakaa juu kabisa, na chini yake zile nyuzi tupu zinarudi polepole. Ukizikosa, tafuta rekodi nyingine.