Mama Nani?

Juzi nimeitazama tena The Fault in Our Stars, ile filamu ya 2014 iliyotokana na riwaya ya John Green. Safari hii wapenzi hawakuniliza. Aliyeniliza ni mamake Hazel, aliyeigizwa na Laura Dern.

Hazel yuko ICU, yuataka kufa. Mama, akidhani binti hasikii, analia kwamba hatakuwa mama tena. Hazel anasikia, na anaibeba kauli hiyo miaka. Baadaye twajua mama anasoma kisirisiri awe afisa wa ustawi wa jamii. Kisirisiri, asije binti akadhani ashazikwa akili mwao. Hapo ndipo filamu ingekaa kitako. Wapi! Dakika chache tu, Hazel huyoo, kwa Gus.

Huku Old Town hofu ya yule mama ingekuwa na sura nyengine. Ukishaitwa Mama Salim, ni Mama Salim mpaka kaburini, hata Salim akitangulia. Kwangu hiyo si faraja tupu. Kila ukienda dukani kidonda chatoneshwa. Na mtoto akiwa bado yu hai, wageni huja na mahamri na dua, wakamuulizia mgonjwa, wakamwambia mama asubiri. Kama amelala usiku, hakuna aulizaye.

Filamu nayo ni vivyo hivyo. Vijana wagonjwa wana kikundi chao kanisani cha kusemezana. Mama humshusha Hazel mlangoni, kisha akamsubiri nje.