Kezilahabi: Uasi Uliotangulia

Wahakiki wamezoea kuzigawa riwaya za Euphrase Kezilahabi (1944–2020) katika vipindi viwili: kile cha uhalisia, tangu Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979), na kile cha Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo wakati na mahali havishikiki tena. Mara nyingi mabadiliko hayo huhusishwa na masomo yake huko Wisconsin, Marekani, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1985. Maelezo hayo hayatoshi.

Mwaka 1974 mtunzi alitoa riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi. Riwaya ilifuata usimulizi uliozoeleka, ilhali diwani ilikwisha kuacha vina na mizani. Kwa hiyo uasi wa fani ulimwanza akiwa na umri wa miaka 30 hivi, katika ushairi. Kilichochelewa ni kuingia kwake katika nathari.

Suala hili lina uzito kwa mwanafunzi wa Nyawera, mjini Bukavu, anayezungumza Kiswahili sokoni na kusoma kwa Kifaransa darasani. Akiamini kwamba ujasiri wa fani huja na umri na shahada, ataahirisha kuandika kwa lugha aliyo nayo. Hata hivyo, gharama isifichwe: Nagona humdai msomaji juhudi ambayo Rosa Mistika haikumdai. Kila mtunzi hana budi kuamua mapema ni wasomaji gani yu tayari kuwapoteza.