Posta ya Lamu, 1888: Nyumba Sawa, Kisiwa Sicho

Wajerumani walifungua wakala wa posta mjini Lamu tarehe 22 Novemba 1888, na walikuwa wamekosea kabla hawajagonga muhuri wa kwanza. Nyumba waliyoichagua haina kasoro. Kosa lao ni kisiwa.

Msomaji wa safu hii anaijua ramani. Himaya yao ilikuwa Witu, bara, ambako ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipatana na Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, mwaka 1885. Lamu haikuwa mikononi mwake. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani ziliandikiana kwamba Lamu, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia, ni ya Sultani wa Zanzibar. Berlin ilikubali. Miaka miwili na wiki chache tu baadaye, Berlin hiyohiyo inafungua kaunta Lamu, inauza stempu zake za pfennig na kuzigonga muhuri wa LAMU OSTAFRIKA.

Huo muhuri ndio unaonikera. Mfanyabiashara akipanga nyumba kwa mwenyeji akauza pembe, ni biashara yake. Posta ni dola: bei yake hupangwa na dola, na jina la mahali kwenye muhuri wake ni dai. Najua posta za kigeni zilikuwepo pwani. Ya India ya Uingereza ilikuwa ikifanya kazi Unguja tangu 1875. Lakini ile haikuzuka katikati ya ubishi wa nani mwenye mji. Lamu ilikuwa ndani ya ubishi huohuo, kampuni ya Kijerumani ya Witu na kampuni ya Kiingereza zikivutana juu ya forodha na utawala wa kisiwa. Kuweka posta hapo ni kumwaga msingi kwenye kiwanja chenye mgogoro, kesi ikiwa bado inasikilizwa.

Watetezi hukimbilia bandari. Wanasema Lamu ina maji ya kutosha na meli hufika, na kwamba Bagamoyo wakati ule ilikuwa kwenye vita vya Abushiri. Yote ni kweli, na hayatoshi. Pwani ya Witu ilitajwa kwenye mkataba uleule wa 1886, kutoka Kipini hadi ghuba ya Manda. Kipini iko mdomoni mwa mto, na Mkonumbi ina mkono wa bahari unaoingia bara. Mfuko wa barua hauhitaji kina cha meli. Mashua inauchukua na kuupeleka kwenye meli iliyotia nanga. Kaunta na muhuri vingekaa bara, kwenye ardhi ambayo Berlin ilikuwa na karatasi yake, na Lamu ingebaki kituo cha kupakia tu. Ingechelewesha barua kidogo, lakini ingeiondoa posta kwenye kesi.

Kilichofuata kilitabirika. Agosti 1889 msuluhishi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, aliamua kwamba kampuni ya Witu haikuthibitisha dai lake juu ya Lamu. Julai 1890 Ujerumani ikaiacha Witu yenyewe katika mapatano ya Heligoland. Oktoba mwaka huo posta zake zikafunguliwa Bagamoyo na Dar es Salaam, mahali ambapo haikuwa na wa kubishana naye tena mezani. Machi 1891 kaunta ya Lamu ikafungwa.

Kuhusu jengo, nitoe haki yake. Kuchukua nyumba ya mjini iliyokwisha kusimama kulikuwa uamuzi mzuri: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa sababu upana hufuata urefu wa boriti za mikoko, na daka mlangoni ambapo mgeni hupokelewa bila kuingia ndani. Hiyo ni kaunta ya posta iliyojengwa na waashi wa Lamu kabla posta haijafika.

Anayejua kuchagua mahali namkuta upande wa pili wa maji. Simba alipobanwa na nguvu za Zanzibar aliingia msitu wa bara akaisimamisha Witu mbali na merikebu, na masultani wa Unguja walihangaika naye miaka mingi. Alianza na swali la nani anaweza kunitoa hapa. Wajerumani walianza na swali la meli inafika wapi.

Narudia pia nililolisema siku nyingi: hii si posta ya kwanza Afrika Mashariki, kama wengine wanavyopenda kusimulia. Ni ya kwanza ya Wajerumani katika eneo hili. Unguja ilitangulia.

Sisi wa Matai, wilayani Kalambo, tuna sababu ya kuisoma hesabu hii. Tangu iwe wilaya mwaka 2012, ofisi zinahitaji viwanja, na kishawishi ni kilekile: penye barabara na watu wengi ndipo penye ramani ya jengo, fidia na mipaka vitafuata. Vitangulizwe. Afisa ardhi amalize kazi yake kabla fundi hajachimba.

Na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yanayoitunza nyumba ile leo, yaweke kifungu cha mkataba wa 1886 kinachoitaja Lamu ukutani kando ya stempu. Mgeni ana haki ya kujua kwamba dola iliyogonga muhuri ule ilikuwa imekwisha kukubali kwa maandishi kwamba kisiwa si chake.