Radhi na Ugomvi katika Utendi wa Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Tangu hapo beti zake zimehifadhiwa kwa moyo katika nyumba nyingi za mwambao. Wako wanaozisoma kuwa ni kioo cha mke mwema, na wako wanaoziona kuwa ni hati ya kumfunga mwanamke. Wote huyatazama maneno ya utii. Wachache hujiuliza ugomvi umekwenda wapi.

Swali hilo lina maana, kwani mume wa mshairi, Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alipambana kwa silaha na Seyyid Said. Nje ya mlango kulikuwa na vita. Ndani, utendi unasimulia ndoa isiyojua hata siku moja ya kuteta. Amani hiyo haikuja kwa bahati. Mama anafundisha namna ya kumpapasa mume alalapo, kumpepea na kutomwamsha kwa kishindo. Mapenzi kwake ni kazi ya mikono, ifanywayo kila siku. Na anaposema kuwa mume atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema, mizani inageuka: anayetiiwa ndiye asiyejiweza, na anayetii ndiye mlezi.

Hata hivyo, katika wasia wenyewe radhi inakwenda upande mmoja. Mke huitafuta kwa mumewe, na pepo yake imefungamana nayo. Nani basi ataitafuta radhi ya mke? Wasia haujibu.

Jibu limo katika kumbukumbu. Mama anapoacha kuamrisha na kuanza kusimulia maisha yake na baba wa Hashima, sarufi yenyewe inabadilika: wao wawili hawakuvunjiana heshima, ubaya wa huyu haukumfikia yule, wala wa yule haukumfikia huyu, hadi mauti yalipowatenga. Kanuni ni ya mmoja, lakini mfano ni wa wawili. Anayemsomea bintiye beti za amri na kuziruka hizi chache za kumbukumbu humpa nusu ya urithi, na nusu hiyo ndiyo nzito kuibeba peke yake.