Mafundi wa Kunyoosha Nuru

Kwa miaka mingi, kwenye kilele cha Mauna Kea kule Hawaii, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, palikuwa na watu walioajiriwa kutazama anga kwa macho yao tu. Walikaa nje kwa zamu, wamejifunika makoti mazito, baridi ikiwatafuna. Darubini ya Keck ilikuwa ikirusha juu mwale wa leza wa rangi ya manjano, na kazi yao ilikuwa kuiona taa ya ndege kabla haijaukaribia, ili mwale uzimwe rubani asidhurike macho. Siku hizi mitambo hunasa mawimbi ya redio ya ndege, na walinzi wale hawahitajiki tena. Ni nadra kusikia wakitajwa.

Mwale ule ulikuwa wa nini? Hewa ile ile inayotetemeka juu ya lami adhuhuri ndiyo inayozifanya nyota zimetemete. Washairi wameusifu mmeto huo; kwa mwanafalaki ni hasara tupu. Nuru imesafiri maelfu ya miaka bila kuguswa, halafu inavurugwa ikiwa mlangoni. Mwaka 1953 mwanafalaki Horace Babcock alipendekeza kioo kitakachojipinda kuifuata hewa. Vifaa havikuwapo, lakini aliishi hadi 2003, akaliona wazo lake likifanya kazi. Kioo hicho kilihitaji nyota angavu ya kukiongoza, na mara nyingi haipo. Basi mafundi wakaiwasha wenyewe: kiasi cha kilomita 90 juu yetu kuna utando wa sodiamu iliyoachwa na vimondo, na leza ikiugusa, unang'aa.

Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni kioo kimoja cha aina hiyo, kioo cha pili cha darubini ya Yepun, huko Paranal, Chile. Upana wake ni kama mita 1.1, unene milimita 2 tu. Mafundi wa Ufaransa walikipunguza na kuking'arisha hadi kufikia wembamba huo, kazi ambayo kosa dogo lingeimaliza kwa ufa mmoja. Mgongoni kimebandikwa sumaku 1,170, nacho huelea juu ya nguvu zake, kikibadili umbo hadi mara 1,000 kwa sekunde. Kwa ufundi wa namna hii wanafalaki Andrea Ghez na Reinhard Genzel waliifuatilia nyota inayolizunguka shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu mara moja kila takriban miaka 16, wakapata Nobeli mwaka 2020.

Nasi huku chini tunafanya nini? Tunafunga mataa makali yanayomulika mawingu, mabango yanawaka hadi alfajiri pasipo msomaji, na kila kukicha setilaiti mpya zinachora mistari angani. Kioo cha Yepun kinaweza kunyoosha nuru iliyopindwa na hewa. Mwanga tunaoumwaga sisi hakiwezi kuufuta, hata kingekuwa na sumaku milioni. Ndugu msomaji, taa yako ya nje iwekee kifuniko, ielekeze chini, na usipoihitaji uizime.