Hoteli ya Putnam kule Epulu: kazi ya nani?

Tukitaja majengo ya zamani ya Ituri, wengi wanawaza upesi nyumba za matofali walizotuachia Wabelgiji. Sisi tunataka kusema juu ya nyumba iliyoanguka zamani: hoteli ya Patrick Putnam, kando ya mto Epulu, kwenye barabara ya Mambasa kwenda Nia-Nia.

Putnam, Mmarekani, alifika Kongo mwaka 1927. Katika miaka ya 1930 alifungua pale Epulu dispansere na nyumba ya wageni, na wasafiri waliopita porini kwa motokari walilala hapo.

Tuitazame kama jengo. Kuta zilikuwa za miti na potopoto, paa la majani. Akili hiyo haikutoka Marekani; Babila wa barabara ile wanajenga vile. Kijiti cha jani la mongongo kinapasuliwa, jani linatundikwa kwenye fito, kuanzia chini kupanda juu, kila mstari unafunika ule wa chini, sawa magamba ya samaki. Mvua inateleza, moshi unatoka, ndani kunabaki baridi. Wamama Wambuti nao wanafunika vibanda vyao kwa jani hilohilo. Putnam tunamsifu kwa jambo moja: alikubali ufundi wa mahali. Lakini jina lililobaki ni la mwenye hoteli, si la mafundi.

Alikufa mwaka 1953. Mke wake Anne, mchoraji, akarudi kwao, na pori likaimeza nyumba. Wengine watasema: mnaona, nyumba ya majani haina maisha! Hatukubali. Huko Uingereza kuna nyumba za wageni za miti, udongo na paa la nyasi zenye miaka mia kadhaa, kwa kuwa kila kizazi kinabadilisha paa. Ya Epulu haikuuawa na mvua, ilikosa mikono.

Ni kweli, paa la majani linaomba kazi kila mara, na manjanja si dhambi. Lakini chini ya manjanja saa sita tunaiva kama mikate, na mvua ikinyesha hatusikilizani. Kama vijana wetu hawajui tena kutundika mongongo, kesho hatutakuwa na cha kuchagua. Basi, wazee wanaojua wangali hai: tuwaendee, watufundishe, na safari hii tuandike majina yao.