Shibiri na Vidole Vinne

Ndugu zangu wa kalamu, kuna kitabu chembamba ambacho nilikiabudu, na najua sikuwa peke yangu. Ni kile cha Mjerumani Eugen Herrigel kuhusu Zen na kupiga mishale, kilichotoka kwao mwaka 1948. Herrigel alifundisha falsafa Sendai, Japani, kuanzia 1924 hadi 1929, na huko akajifunza upinde kwa mwalimu Awa Kenzo. Kwa anavyosimulia, mwalimu haelezi kitu. Mwanafunzi anahangaika miaka, akiuliza anapewa fumbo, mpaka siku moja mshale unachomoka wenyewe na mwalimu anainama kwa heshima: aliyepiga si wewe, ni "kile" kisicho na jina.

Basi mimi nikaona nimepata dini ya uandishi. Nikaacha kusahihisha, eti hadithi itajiandika. Mshikaji akiniambia hapa sielewi, namjibu kuwa mambo ya ndani hayaelezeki. Nilikuwa nazuga tu.

Siandiki haya ili kuishambulia Zen. Nataka kuyasoma maandishi ya watu wanaofundisha tafakuri kama tunavyosoma riwaya, tuone wanasema nini na wananyamaza wapi. Maana ule ukimya tunaowasifia, ukiwafungua vitabu vyao, mara nyingi haupo.

Chukua Dogen, aliyerudi Japani kutoka China mwaka 1227 na kuandika maelekezo mafupi ya kukaa, Fukanzazengi. Ni kurasa chache, lakini zina mkeka na mto wa kukalia, mguu upi uwe juu ya upi, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, vidole gumba vigusane, masikio yawe sawa na mabega, pua sawa na kitovu, ulimi ugote kwenye kaakaa, macho wazi. Kuhusu akili anakuachia mazungumzo mafupi ya mtawa wa Kichina, halafu anapita. Huo si ukimya, ni uchaguzi. Kwake kukaa si ngazi ya kupandia mahali pengine. Kukaa kwenyewe ndilo jambo, kwa hiyo maneno yake yote kayamaliza kwenye kukaa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mficha siri.

Rinzai wana njia nyingine, ya koani. Mtawa alimuuliza mwalimu Joshu kama mbwa naye ana asili ya Ubudha. Akajibiwa "mu", yaani hakuna. Kisa hicho ndicho cha kwanza katika mkusanyiko wa Mumonkan wa mwaka 1228. Mwanafunzi anakibeba hicho kineno kimoja usiku na mchana, kisha anaingia peke yake kwa mwalimu kupimwa. Yanayosemwa humo ndani kwa desturi yalikuwa hayatoki nje, lakini Mmarekani Philip Kapleau alichapa mwaka 1965 mahojiano ya mwalimu Yasutani na wanafunzi wake wa kigeni. (Yasutani alitoka madhehebu ya Soto, ya Dogen, ila alitumia koani.) Ukiyasoma kama tamthilia ni mazuri ajabu: huyu miguu inamuuma, yule ana wasiwasi. Na mwalimu anaongea! Anafafanua, anarekebisha, anatia moyo. Shunryu Suzuki naye, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kinasomeka kama maji yanayotiririka, hakukiandika kwa kushika kalamu. Ni mazungumzo yaliyorekodiwa, akayahariri mwanafunzi wake Trudy Dixon, aliyefariki mwaka 1969 kabla hakijatoka. Wepesi ule una jasho la mhariri.

Lakini kilichonitoa ushamba ni kitabu ambacho nilidhani kitanilaza usingizi. Visuddhimagga kiliandikwa na Buddhaghosa katika karne ya 5, kwa Kipali, kule Sri Lanka. Ni mapokeo ya Theravada, ndiyo hayo ya hekalu la Wasinhala pale Upanga, Dar es Salaam. Kina njia 40 za kutafakari. Mojawapo ni kutazama duara la udongo wenye rangi ya alfajiri. Upana wake shibiri moja na vidole vinne. Ukae umbali wa dhiraa mbili na nusu, kwenye kiti chenye kimo cha shibiri na vidole vinne vilevile. Tena kila kipimo kina sababu yake: ukisogea mbali duara halionekani vizuri, ukisogea karibu unaona kasoro zake, ukikaa juu shingo inainama, ukikaa chini magoti yanauma. Huyu mtu amewahi kuumwa magoti, akatuhurumia.

Halafu anagawa watu kwa tabia sita, ili kila mmoja apewe njia inayomfaa. Utamjuaje mwenye tamaa na mwenye hasira? Kwa wanavyofagia! Mwenye tamaa anafagia taratibu, mchanga hautawanyiki. Mwenye hasira ameukaba ufagio, anakwaruza, anautimua mchanga huku na huku. Aliyepumbaa anafagia tu, mahali hapatakati. Na malazi pia: mwenye tamaa apewe kibanda kibovu, mwenye hasira apewe pazuri. Nionyeshe riwaya ngapi za kwetu zinamwangalia mtu hivyo.

Kina ubaya wake, nisiwadanganye. Orodha zinachosha. Na kuna hatari kubwa zaidi: mtu akishaambiwa kila kitakachomtokea, atakiona hata kama hakipo, kama mgonjwa aliyesoma dalili ukutani. Naamini hapo ndipo Zen ina hoja ya kunyamaza. Mahasi Sayadaw, aliyeanza kufundisha Rangoon mwaka 1949, alipunguza mzigo: angalia tumbo likipanda na kushuka, kila kinachotokea kitaje jina, basi.

Sasa nirudi kwa Herrigel. Mwaka 2001 mtafiti Yamada Shoji alichapa makala kuhusu kisa chake. Hakupata ushahidi kwamba Awa aliwahi kufuata Zen. Usiku ule maarufu ambapo mshale wa pili ulipasua wa kwanza gizani, mkalimani hakuwepo, na Awa mwenyewe alimwambia mwanafunzi mwingine kwamba ilitokea kwa bahati tu. Hata hicho "kile", Yamada anaona huenda kilizaliwa na tafsiri mbovu. Mimi nilijengea dini juu ya hapo.

Nimeitoa hadithi yangu sandukuni. Ukurasa wa kwanza kuna mama anafagia uwanja asubuhi aliyofiwa. Nilikuwa nimeandika hivi: alifagia uwanja.